Ujazo wa Tangi la Zahanati

Mwaka ule kiangazi kilikaza mapema, nami nilikuwa nimechoka hata kabla hakijaanza. Nilikuwa nimeacha kufundisha Kiswahili sekondari nikaajiriwa na mradi mdogo wa maji, ofisi yake Masasi. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya zana. Ukisikia zana utafikiri jembe au nyundo, lakini hizi zilikuwa vipande vya programu, kila kimoja kikipakia data za aina yake: mvua iliyonyesha, hali ya matangi, maboza, yaani magari ya maji, yaliyoko njiani. Aliyezitumia hakuwa mtu. Alikuwa wakala, programu ya akili mnemba iliyopanga kila asubuhi boza la maji liende kijiji gani. Wakala hajawahi kuona tangi. Alisoma maelezo ya kila zana, akachagua moja, akaamini kilicholetwa.

Maelezo niliyoyakuta yalikuwa ya mstari mmoja mmoja, ya mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Niliyaandika upya kutwa nzima, feni ikizunguka bila kuleta upepo, mpaka neno "hupakia" likapoteza maana kichwani mwangu.

Ya matangi nilikuwa sijayafikia bado. Hapo ndipo aliponipigia simu muuguzi wa zahanati moja upande wa Newala. Tulifahamiana kwa sababu nilimfundisha binti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Hivi mmetusahau? Tangi letu limekauka, na boza hatulioni."

Nikafungua ripoti ya asubuhi ile. "Mama, huku linaonekana limejaa."

"Limejaa nini?"

Kesho yake nikapanda basi la Newala, kisha bodaboda hadi zahanati. Nililigonga lile tangi kwa ngumi, likalia kama debe tupu, juu hadi chini. Kwenye ngazi ya wodi ya wazazi alikaa mwanamke mzee, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Mkwewe alikuwa amejifungua alfajiri. Yeye na shoga zake walikuwa wameteremka bondeni kutafuta maji, wakapanda tena na ndoo kichwani, wapate ya kumwogeshea mtoto.

"Wewe ndiye wa maji?" aliniuliza.

"Ndimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Pole na safari."

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Ile pole ilinikalia vibaya kifuani. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje, akasema ananyonya vizuri, ni wa kike.

Nikaketi kwenye benchi la wagonjwa nikafungua kompyuta. Zana ya matangi ilikuwa na maelezo haya tu: *Hupakia ujazo wa matangi.* Nikatazama data zenyewe. Zilikuwa ukubwa wa kila tangi, yaani maji linayoweza kubeba likijaa. Kipimo cha kila siku cha maji yaliyobaki kilikuwa kwenye zana nyingine kabisa, yenye jina lisiloeleweka na isiyo na maelezo yoyote. Wakala alisoma "ujazo", akadhani ndiyo maji yaliyomo. Kila asubuhi akaona matangi yote yamejaa.

Nikampigia fundi wetu wa programu kule Masasi.

"Dada, si ujazo ni ujazo?" akasema.

"Ujazo wa ndoo ni ukubwa wake. Mtu mwingine akisema ujazo anataka kujua ndani mna kiasi gani. Mimi mwenyewe ningekosea."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka kama mimi. Nikamsomea niliyoandika: *Zana hii hupakia ukubwa wa kila tangi, ambao haubadiliki. Haionyeshi maji yaliyomo leo. Usiitumie kuamua boza liende wapi. Kwa maji yaliyobaki, tumia zana ya vipimo vya kila siku. Kipimo kikiwa cha zamani, usikikisie, sema hakipo.*

"Marefu hayo," akasema.

"Yaache hivyo hivyo."

Akayaweka, na ile zana ya vipimo nikaiandikia ya kwake, wakala akapanga upya. Vijiji vilivyokauka vikajitokeza kimoja baada ya kingine, vingi kuliko maboza tuliyokuwa nayo. Nilivisoma polepole. Mpaka saa ile ripoti zetu zilikuwa zinapendeza.

Nikaingia ndani kumwambia muuguzi kwamba zahanati imewekwa mbele, boza litafika kesho, ila watu wa sokoni wangesubiri kwa kuwa maboza hayatoshi.

"Kesho saa ngapi?"

"Sijui, mama. Likifika mchana tushukuru."

Lilifika kesho yake jioni. Wakati huo nilikuwa nimerudi Masasi, mezani pangu, nikiandika maelezo ya zana ya mvua. Yale ya zamani yalisema: *Hupakia mvua.* Hayakusema kama ni mvua iliyonyesha au iliyotabiriwa. Nikavua viatu chini ya meza nikaanza kumuuliza fundi ni mvua ipi.