Msichana wa Gemu Aliyeombewa Dua na Bibi

Juma lililopita nilikwenda Gando kuifungua nyumba ya bibi, ambayo imefungwa tangu alipofariki. Njia nzima nilijua nitalia. Nikaingia ukumbini, nikaona sakafuni alama za miguu ya kile kimeza cha televisheni, na unajua kilichonijia? Wivu. Wivu ule ule wa zamani, mbichi kabisa, juu ya msichana ambaye hajawahi kuishi duniani. Cheka ukitaka. Mimi mwenyewe nilijaribu kucheka nikashindwa.

Nikupe kisa chenyewe. Mama aliniacha kwa bibi nikiwa na miaka tisa, akaenda Omani kufanya kazi za ndani. Tukabaki watatu: bibi, mimi, na mjomba, kitindamimba wa bibi, aliyekuwa fundi wa pikipiki Wete. Msimu wa karafuu nyumba nzima ilinukia karafuu, mpaka maji ya mtungini. Asubuhi nilikuwa skuli, mchana nafagia ua na kugeuza karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, na baada ya Alasiri tunakaa ukumbini kuchambua zile mbichi, kuzitoa kwenye makonyo yake, mpaka vidole vinageuka rangi na kuwasha. Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi. Nikinyanyua kichwa tu, ataniambia, "Chambua, mwanangu, jua lenda hilo."

Mwaka nilioingia kidato cha kwanza, mjomba alinunua mashine ya gemu iliyokwisha kutumika, yenye pedi moja na gemu moja. Lilikuwa la mpiganaji anayevuka nchi ya milima, akifuatana na msichana mwenye nywele za kusuka na mkoba begani. Huyo msichana humwongozi wewe. Alikuja mwenyewe nyuma ya mpiganaji, akiokota kuni, akimwonya adui anapotokea, na mpiganaji akiumia alimfunga kitambaa. Kila baada ya safari ndefu wawili hao walikaa kwenye moto, na msichana akasimulia maisha yake, maneno ya Kiingereza yakipita chini ya kioo.

Mjomba Kiingereza hakukijua. Msomi wa nyumba nilikuwa mimi. "Pano asemaje?" ataniuliza, nami natafsiri huku mikono iko kwenye karafuu. Kusema kweli, Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga. Nilishika neno mama, nikashika neno bahari, na yaliyobaki nikayajaza mwenyewe. Sasa mtoto wa miaka kumi na tatu ana nini cha kujazia, kama si yake? Nikasema mama yake alipanda meli akaahidi kurudi baada ya Ramadhani moja, na sasa zimepita nne. Kama huko milimani kuna Ramadhani, hakuna aliyeuliza. Nikasema analala na nguo ya mama yake na hataki ifuliwe isije ikapoteza harufu. Nikasema analelewa na kizee mmoja anayependa kazi kuliko watu, ambaye hajamuuliza hata siku moja kama anamkumbuka mama yake.

Bibi akasimamisha mikono.

"Masikini," akasema. "Masikini mwana wa watu."

Hapo ndipo wivu uliponianza. Miaka minne nimeishi katika nyumba ile na sijaambiwa masikini hata mara moja. Jina la mama likitajwa, bibi hutafuta ufagio. Leo huyu wa kwenye kioo, asiyejua hata kuchota maji, kaambiwa mara mbili kwa mpigo.

Tangu siku ile bibi akawa mtu wa gemu. Mjomba akichelewa, anauliza pikipiki za Wete haziishi kuharibika? Siku moja kapika mkate wa kumimina, akaukata vipande vinne.

"Cha nne cha nani?" nikamuuliza.

"Cha yule mtoto."

"Bibi, yule si mtu."

"Basi mlie chake wewe."

Nikakila kwa hasira, na kilikuwa kitamu, jambo lililonikera zaidi.

Lililonimaliza ni dua. Nilikuwa napita dirishani na ndoo ya maji, bibi yuko juu ya msala baada ya Alasiri, anaomba kwa sauti ndogo. Nikasimama nisikie jina langu. Akamwombea marehemu babu. Akamwombea mjomba apate mke mwema. Kisha akasema, "Na yule mtoto, Mola wangu, mrejeshee mamake." Nikangoja. Akajipangusa uso, akanyanyuka. Siku hiyo nilimchukia yule msichana kama mtu aliyenipokonya sahani mkononi, na wala sikufikiri kuwa mwenye kuipakua sahani ile kila jioni ni mimi.

Baada ya siku chache mpiganaji alifika kwenye daraja la kamba. Msichana ameumia mguu, amebaki nyuma. Yakatokea maneno mawili ya kuchagua, moja juu, moja chini.

"Pano pasemaje?" mjomba akauliza.

Yale sikuyajaza. Niliyasoma vizuri kabisa. La juu lilisema mngoje, la chini lilisema nenda.

"Bonyeza la chini," nikamwambia. "Ndo lisemalo mngoje."

Akabonyeza. Mpiganaji akavuka, daraja likakatika nyuma yake, na mashine ikahifadhi mchezo hapo hapo, hakuna kurudi. Siku mbili mjomba alizunguka milima ile akimtafuta. Jioni mpiganaji alikaa kwenye moto peke yake, na chini ya kioo halikupita neno. Nilidhani nitafurahi, lakini niliona aibu hata kumtazama mjomba usoni.

Siku ya tatu, mjomba hajarudi kutoka kazini, bibi akaniuliza.

"Yule mtoto yu wapi? Simskii tena."

"Kenda kwa mamake," nikasema. "Mamake kaja kumchukua."

Bibi akalimaliza shada lililokuwa mkononi, akatwaa jingine.

"Alhamdulillahi," akasema. "Na yule kizee alomlea, kamuaga?"

Nikainama kwenye karafuu. Hapakuwa na Kiingereza cha kujificha nyuma yake. Nilifahamu kuwa wakati wote ule bibi alikaa pale akisikia anavyosemwa, na hakunikatiza hata siku moja, ili niendelee kusema.

"Hakumuaga," nikajibu.

"Basi kizee kalia. Ila si wa kulia mbele za watu." Akanisogezea ungo. "Chambua, mwanangu."

Mwaka uliofuata mama alirudi kweli, akanichukua kwenda Unguja. Nilimuaga bibi uani, nikamuaga mlangoni, kisha nikashuka garini nikarudi kumuaga tena, mpaka dereva akapiga honi. Bibi akaniambia niende zangu, ana kazi.

Sasa ua umeota majani na majamvi yameliwa na mchwa. Mjomba ana mke na watoto, na mashine yake haiwaki. Mwanangu anacheza magemu yake kwenye simu, kila mwenza wa safari humo ana kisa chake cha kuliza, naye anaelewa kila neno bila ya kumhitaji mtu wa kumjazia. Nilikaa juu ya sakafu ile mpaka Alasiri ikaadhiniwa. Na bado namwonea wivu yule msichana. Aliitwa masikini mbele ya macho yangu, akaombewa dua nami nasikia, na yote yalikuwa yangu, na mimi nilikuwa pale pale, nimenuna.