Maji ya Handaki na Ng'ombe wa Mzee Parsaloi

Siku yangu ya kwanza kiwandani sikushika kitu. Nilikuwa nimetoka kwetu Machakos na viatu vya kuazima, nimejiandaa kubeba, kufagia au kumenya, lolote ambalo mwanamke mwenye watoto wawili wadogo angeambiwa afanye. Msimamizi wa Zamu, mama wa kutoka Vihiga mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alinivisha koti jeupe na kofia ya wavu, akanisimamisha mwisho wa mtambo. "Simama hapo, usiguse kitu," akaniambia. "Leo kazi yako ni kusikiza."

Nikasimama. Chupa za mdomo mpana zilizojaa nyanya ya kupikia zilikuwa zikitambaa kwenye mkanda wa chuma, zimelowa, zinafuka mvuke kidogo. Kelele za mashine zilinijaa masikioni hata nikadhani yule mama ananitania. Kisha nikasikia tik. Kifuniko cha chupa iliyokuwa karibu nami kilikuwa kimebonyea katikati, na hakuna aliyekigusa. Ikafuata tik nyingine, na nyingine, mpaka mkanda mzima ukawa unalia jinsi mvua inavyoanza kuonja mabati. Nilichungulia chini ya mkanda nikitafuta mtu au waya. Nywele zilinisimama, nasema kweli. Nilipomwuliza Msimamizi ni nani anayevibonyeza, akacheka mpaka akashika kiuno. "Hakuna mtu," akasema. "Ndani hakuna kitu, sasa hiyo hakuna-kitu ndiyo inavuta."

Nyinyi vijana mnafungua chupa ya jemu asubuhi, inalia psss, mnapaka mkate na kukimbilia kazini bila kujiuliza lile psss ni la nini. Mimi nilikula mshahara wa hilo psss miaka yote ya tisini niliyoikuta na mingi ya elfu mbili, na halijaacha kunishangaza. Kiwanda chetu kilikuwa kando ya barabara ya Namanga, Kitengela ikiwa bado maduka machache, vumbi la machimbo ya mawe na upepo. Nyumbu walikuwa wakipita nyuma ya ukuta wetu kama wenye shamba, na kwa kweli walikuwa ndio wenye shamba.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Nyanya iliyopikwa iliingia kwenye chupa ikiwa moto sana, kwa sababu joto hilo ndilo lililoua viini ndani ya chupa. Mashine ya kufunga ilipuliza mvuke mdomoni mwa chupa ili kufukuza hewa, na papo hapo ikakaza kifuniko. Hapo chupa ikawa imebeba nyanya na mvuke tu. Mvuke ukipoa hurudi kuwa tone la maji, na mahali ulipokuwa pakabaki patupu. Hewa ya huku nje, hii tunayopita ndani yake bila kuisikia, hukiona kile kifuniko hakina kitu cha kukisukuma kutoka ndani, ikakilalia. Katikati ya kifuniko palikuwa na uvimbe mdogo ambao sisi tuliuita kitovu. Kitovu kikizama, chupa ni nzima. Kikibaki kimetokeza, kuna mahali inavuja, na inatolewa hata kama inapendeza vipi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Utupu wa kwetu ulisema neno moja tu, na ndilo lilitulisha.

Baada ya kufunga kulikuwa na kupoza, na huko ndiko nilikopelekwa mwaka wangu wa pili na kukaa maisha. Chupa ziliingia kwenye handaki refu la bati, zikapita chini ya manyunyu ya maji: kwanza ya moto kidogo, halafu ya vuguvugu, halafu baridi. Ukiharakisha, glasi inashtuka na kupasuka. Ukichelewa, nyanya inaendelea kujipika humo ndani mpaka inakuwa nyeusi na chungu. Chupa ilipaswa kutoka na joto la mtoto aliyeamka tu, ndipo kifuniko kikauke chenyewe kisishike kutu. Na maji yalipaswa kuwa safi, yenye dawa ya kuua viini, kwa maana kifuniko kikivutwa ndani kinaweza kunyonya hata tone. Maji machafu yangeingia na hilo tone.

Msimu mmoja nilipelekwa Loitokitok, kwenye kituo cha kupokea nyanya, nikasaidie kuchagua. Nilimkuta Kilimanjaro amekaa juu ya mashamba, na mifereji inashuka kutoka kwake mpaka kwenye mizizi ya nyanya. Nilikaa kando ya mfereji nikawaza kwamba hii nyanya inakunywa maji hapa, halafu inakuja kuogeshwa maji kwangu. Nilirudi Kitengela nikiyaheshimu maji kuliko nilivyoyaheshimu hapo awali.

Maji yetu yalitoka kwenye kisima kirefu cha pampu. Yakishapita handakini yalitoka nje ya ukuta kwa mfereji wa saruji, na hapo ndipo Mzee Parsaloi alipowanywesha ng'ombe wake kila alasiri. Alikuwa jirani yetu, mwembamba, mcheshi, shuka lake jekundu limepauka mabegani. Akiniona langoni alinisalimu kama wanavyosalimiwa wanawake kwao, "Takwenya," nami nilishajifunza kujibu, "Iko." Kikamba changu na Kimaa chake vilikutana kwenye Kiswahili cha kuunga unga, tukaelewana kabisa.

Kisha kikaja kile kiangazi. Wenye umri wangu wanakikumbuka. Nyasi ziliisha, halafu hata vumbi likaonekana limechoka. Pampu ya kisima ikaanza kutema hewa. Hapo hapo malori ya nyanya yakawa yanafika kutoka Loitokitok, mavuno ya watu waliogawana mifereji kwa zamu, na wakulima wengine walikuja wamekaa juu ya mzigo kuona kama tutaupokea. Meneja wa Uzalishaji hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Alikuwa na vibarua wa kulipa na nyanya isiyosubiri. Aliniita kwenye handaki akaniambia nifunge vali ya kutoa maji nje, kila tone lirudi kwenye tangi litumike tena.

Vali hiyo ilikuwa chini ya mkono wangu, kwa hiyo nikaifunga.

Alasiri ile ng'ombe walikuja kama kawaida. Waliulamba mfereji wa saruji mpaka ukakauka, kisha wakasimama. Nilitoka langoni kwa sababu nilijua kujificha kungekuwa vibaya zaidi. Mzee alinisalimu kwanza, nikaitikia.

"Mama Mwikali, maji imeenda wapi?"

"Imefungwa, Mzee. Kisima inakauka."

"Ni nani amefunga?"

"Ni mimi."

Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Basi ni wewe unajua mahali iko," akasema.

Maneno hayo nililala nayo. Kesho yake nilimfuata Fundi Mkuu, mzee wa kutoka Butere aliyekuwa akiongea zaidi na mashine kuliko na watu, nikamweleza. Nikamkuta hana haja ya kuelezwa. Maji ya tangi yalikuwa yanazunguka na kuzidi kupata moto, akaniambia, na siku si nyingi hata chupa hatutazipoza, sembuse kunywesha ng'ombe. Alikuwa ameshachora mnara wa mbao, mrefu kama nyumba ya ghorofa. Maji ya moto yangepandishwa juu, yachuruzike kwenye vipande vya mbao hadi chini, na upepo upite katikati uyapunguzie joto. Mimi sikuamini. Kweli upepo ungefanya kazi ya kisima kizima?

Wakati mnara unajengwa, vijana wa Mzee Parsaloi waliwachukua ng'ombe wenye nguvu wakaelekea upande wa mlimani kutafuta malisho. Wengi wa ng'ombe hao hawakurudi. Mzee alibaki na wale wasioweza kutembea, hasa waliokuwa wamezaa. Kulikuwa na mmoja mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, ambaye kila alasiri alikuja kujilaza kando ya mfereji mkavu, ndama wake amesimama juu yake. Sisi wanawake wa laini ya chupa tulibana maji yetu ya kunawia tukawa tunampelekea kwa ndoo. Ndoo moja ya maji mbele ya ng'ombe mwenye kiu ni aibu tupu, lakini mkono mtupu haulambwi.

Asubuhi ya kuuwasha mnara hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Chupa zilitoka handakini moto kama ugali unaotoka kwenye sufuria. Nilisikiliza, sikusikia kitu. Vitovu vyote vilikuwa vimetokeza. Meneja alisimama kando yangu, mikono mfukoni, na nikajua anachofikiria: kwamba jioni atawaambia wenye malori wageuze, na sisi atuambie tukae nyumbani mpaka mvua. Fundi Mkuu alikuwa nje, anautazama mnara kama mtu anayemngojea mgeni aliyeahidi.

Ilipopita saa sita, upepo wa mbugani ukaja. Wenyeji wa Kitengela wanaujua, ule unaobeba nguo kwenye kamba. Uliingia kwenye mnara, na juu yake pakatoka wingu jeupe, wingu letu wenyewe, katika mbingu ambayo haikuwa na wingu kwa miezi. Niligusa manyunyu ya mwisho, yakawa baridi. Nikashika chupa iliyotoka, ikawa na joto la mtoto aliyeamka. Halafu tik. Halafu mkanda wote. Nililia pale pale mbele ya Meneja, na yeye akajifanya anasoma kipimajoto.

Siku chache baadaye manyunyu yakaanza kuziba kwa ukoko mweupe. Fundi Mkuu akatueleza kwamba upepo unachukua maji tu, chumvi ya kisima unaiacha, kama sufuria inavyobaki na utando ukichemsha maji yakaisha. Kila siku sehemu ya yale maji ingelazimika kutolewa na kuwekwa mengine mapya. Meneja aliuliza kwa uchungu kama basi tutamwaga.

"Lazima, Bwana Meneja," Fundi akasema. "Tusipomwaga, chumvi itatufungia hii kitu yote."

Meneja aliutazama ukuta. Kisha akasema yamwagwe upande ule wa Mzee, na akanitazama mimi. Nilifungua vali kwa mikono miwili. Tuliyaacha yakae kwenye birika tulilojenga nje mpaka kesho yake, ile dawa ipungue makali. Hayakuwa mengi kama zamani. Yalikuwa ya kutosha wale waliobaki.

Yule mwekundu alinyanyuka akainamisha kichwa, akanywa, akainua uso kidogo, akarudi kunywa kwa kasi. Wengine wakasukumana. Mzee Parsaloi alichovya kidole akaonja.

"Hii maji iko na chumvi," akasema.

Nikamwomba radhi, nikaanza kumweleza habari za mnara na upepo. Akanikatiza kwa kicheko, cha kwanza nilichokisikia tangu kiangazi kianze.

"Pole ya nini, Mama? Sisi hupeleka ng'ombe mbali sana kutafuta chumvi. Wewe umeileta hapa kwa mlango."

Nilikaa kwenye handaki miaka mingi baada ya hapo. Ikaja mitambo yenye vioo vya namba, zikaja chupa za plastiki ambazo zilinisumbua, kwa maana plastiki ikipoa inajikunja mbavu ukiikosea. Mnara wa mbao ukabomolewa ukawekwa wa chuma. Kitengela ikaota maghorofa, nyumbu wakaacha kupita. Nilipofanywa mkufunzi wa laini, kila mgeni nilimsimamisha mwisho wa mkanda nikamwambia asiguse kitu, asikilize kwanza. Wengine walinidhania nimezeeka. Wengine nywele ziliwasimama, na hao ndio waliodumu.

Siku ya kustaafu nilipewa saa ya ukutani na hotuba. Nilipotoka langoni, Mzee Parsaloi alikuwa amesimama kando ya birika, fimbo mabegani, ameshika kamba ya ndama jike mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. Aliniambia ni wa ukoo wa yule aliyekuwa akilala pale. Akanitia kamba mkononi.

"Kuanzia leo sikuiti Mama Mwikali," akasema. "Nakuita Paashe. Na wewe uniite hivyo."

Nilijua desturi hiyo. Kwao aliyetoa ndama na aliyepokea huacha kuitana majina yao, wakaitana kwa jina la ile zawadi mpaka mmoja afe. Nikamwambia kwanza kile ambacho hatukuwahi kukizungumza tena tangu kiangazi kile, kwamba ni mimi niliyefunga maji.

"Na ni wewe ulifungua," akasema. "Sasa ningempatia nani mwingine?"

"Asante, Paashe," nikasema.

Kijana wangu Kyalo, anayepanga nyumba huko Nkoroi, alinipigia simu akicheka. "Mum, kwani utaifuga kwa sitting room?" Nikamwambia nina ploti, na ploti ina nyasi, na yeye ashughulike na kodi yake.

Jioni nilimwekea ndama ndoo ya maji ya mvua, matamu, safi kuliko yote niliyoyaona kazini. Akanusa, akageuza uso. Nikaingia jikoni, nikachota chumvi kwa vidole viwili nikaitia na kukoroga kwa mkono. Akanywa yote.