Msimu Niliovuna Mafenesi Yote

Mama alipovunjika nyonga, niliacha kazi ya ukarani Rubwera nikarudi nyumbani Kiruruma kumtunza. Nilirudi na nguo zangu, godoro, na friza kubwa niliyoinunua kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa anahamishwa. Ilifika juu ya pikapu iliyokuwa imetoka kupeleka ndizi, na majirani walitoka barabarani kuitazama ikishushwa. Siku hiyo nilijiona mtu wa maana.

Friza niliinunua kwa ajili ya mafenesi. Miti yetu minne imesimama kati ya nyumba na njia, na huzaa kuliko familia yoyote inavyoweza kula. Tangu utoto wangu yalikuwa yakianguka na kupasuka, nzi wakijaa, ua mzima ukinuka utamu uliochacha. Mimi nachukia uchafu, na nachukia zaidi kuona chakula kinaoza. Mama hakuona tatizo. Kwake, fenesi lililoanguka lilikuwa la yeyote aliyelikuta.

Niliporudi msimu ndio kwanza umeanza, na wiki mbili za mwanzo nyumba haikutulia. Watu waliotoka shamba au sokoni walipiga hodi, wakapasua fenesi, wakala, wakaingia ndani kumsalimia mama kitandani. Mama aliwapa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kikopo kilichokaa karibu na mto wake. Rafiki yake wa tangu usichana, mjane anayeishi ng'ambo ya bonde, alikuja karibu kila siku na kuondoka jua likizama. Mimi nilifagia maganda mara tatu kwa siku, na moyoni nililalamika kila nilipofagia.

Wiki ya tatu nikaamua kwamba sasa basi. Nilipanda mitini nikayagonga mafenesi moja moja kwa ngumi, na kila lililotoa sauti nzito nililiteremsha kwa kamba. Nilipaka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye kisu, maana utomvu wa fenesi ukikushika hata sabuni inasalimu amri. Nilitoa kokwa, nikapanga vipande kwenye sinia juu ya jani la mgomba lililobabuliwa, kipande kisiguse kingine. Vilipoganda ndipo nilivitia kwenye makopo. Ukivirundika kabla havijaganda utapata jiwe la kupasua kwa shoka, kosa ambalo nililifanya mara moja tu. Kila lililokaribia kuiva nililiwahi mtini. Friza ilijaa mpaka nikaukalia mfuniko ili ufunge, na uani hapakuwa na nzi hata mmoja.

Mwezi mzima ulipita nikijisifu. Jambo la kwanza kunishtua lilikuwa kikopo cha kahawa, ambacho nilizoea kukijaza kila wiki. Kilikuwa kimejaa vilevile nilivyokiacha. Halafu mama akaanza kuacha chakula. Nilimpikia ndizi kwa maharage, akala vijiko viwili akasukuma sahani. Nikadhani nyonga inamsumbua, nikampa vidonge vyake, kisha nikamletea bakuli la fenesi la friza nikiamini kwamba hilo litamchangamsha. Alitia kipande mdomoni, akakitoa.

"Umewaweka wageni wangu kwenye friza," alisema.

Nilikasirika. Nilimwambia sijamfukuza mtu, mlango uko wazi, na mgeni anayefuata fenesi si mgeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukutani. Hakubishana nami, na mama yangu ni mtu wa kubishana, kwa hiyo niliogopa.

Siku mbili baadaye nilichukua kopo moja lililoganda, nikalifunga kwa kitenge lisiyeyuke, nikavuka bonde kwenda kwa yule rafiki yake. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia vizuri, akanipa kigoda. Kopo hakuligusa. Aliniuliza ninauza shilingi ngapi.

Nikamwambia si la kuuza, nimemletea ale.

"Tuliona miti imevunwa yote, chini hakuna hata moja," alisema. "Nyumba ikifanya hivyo, waitu, mwanangu, inauza. Ningekuja kukaa pale ungesema nimekuja kuomba."

Nilikuwa nalijua hilo. Tulipokuwa wadogo mama alitupitisha haraka mbele ya ua wa watu waliouza mananasi na kutukataza kutazama ndani, tusije tukaonekana tuna njaa. Huwa wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza, nikasahau, ulimwengu ukanirudishia somo. Nilimweleza yule mama habari ya friza, nzi na ufagio wangu, nikamwomba radhi, nikamsihi aje.

Alikuja kesho yake mchana, mkongojo mkono mmoja, kopo langu mkono wa pili likiwa limejaa maharage, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kabla hajamaliza kupiga hodi mama alishamvaa. Alimuuliza kama alikuwa amekufa bila kuagana, au bonde lilikuwa limefungwa. Yule naye akamjibu kwamba aliogopa kuja kwa matajiri. Mama akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akashika nyonga kwa maumivu, na bado akacheka.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Nilikuwa nimeacha kazi kwa ajili yake. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimlisha kwa mkono wangu, na tangu nirudi sikuwa nimemchekesha hivyo hata siku moja. Nilifurahi, na niliona wivu, wala sikujua kipi kilizidi. Nikaendelea kusimama, nikingoja waniambie niketi.

Mama akageuza kichwa. "Mwanangu," aliuliza kwa upole kabisa, "bado upo?"

Nikaliweka sinia juu ya stuli, nikatoka.