Waliupaka Mtaa Wetu Rangi Nyekundu

Ramani ile ilinifikia kwenye simu siku niliyojiunga na kundi la waendesha baiskeli. Niliifungua nikiwa nimesimama jikoni, nasubiri chai ichemke. Njia zote za baiskeli za Johannesburg zilikuwa zimechorwa. Za kijani, pita bila wasiwasi. Za njano, pita na wenzako. Nyekundu, usikanyage. Nikaivuta kwa vidole nitafute nyumbani kwangu. Berea yote nyekundu, Hillbrow nyekundu, Yeoville nyekundu, Doornfontein nusu yake. Nilikuwa nimesimama katikati ya wekundu na kijiko cha majani mkononi.

Siku ile nilicheka. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye waliniita mtu wa hasira. Nilianza kwa kucheka.

Mimi ni mtu wa Tanga. Tanga baiskeli haina mwenyewe. Wanaume, wanawake, shekhe, mwalimu, wote wanaendesha. Mama yangu alikwenda nayo sokoni huku amelikunja buibui upande mmoja lisinaswe na cheni, na mimi nimekaa kwenye keria nyuma, nimemshika kiuno. Lakini nilipofika Johannesburg nikawa mtu wa miguu, miaka na miaka, kutoka chumba changu Berea hadi saluni ninakosukia nywele Doornfontein. Kisha mteja wangu mmoja aliyekuwa anahama nchi akaniuzia baiskeli yake ya mbio. Ilikuwa nyembamba na nyepesi, naiweka begani kwa mkono mmoja na kupanda nayo ngazi hadi ghorofani, maana lifti ya jengo letu ilikufa kabla mimi sijahamia.

Mji huu ni wa milima na hewa yake haitoshi. Mwanzoni nilikuwa nashuka na kusukuma, moyo unanidunda masikioni, na wapita njia wananicheka. Nikazoea. Nikajitengenezea njia yangu ya Jumapili asubuhi. Natoka Berea kabla teksi, ndizo daladala za huku, hazijajaa barabarani, nashika barabara ya maduka ya Yeoville, ambapo Wakongo wanafagia milangoni kwao na kunipigia kelele, "Mama ya kinga, jambo!" Kinga ndiyo baiskeli kwao. Kisha napanda Observatory, mlima ule unaokukata maneno, mpaka juu kwenye ukingo wa mawe. Nateremkia Bruma, nazunguka Kensington, narudi kupitia Doornfontein, karakana zote zimefungwa na barabara ni yangu peke yangu. Dereva mmoja wa teksi aliwahi kuniambia nirudi jikoni. Zaidi ya hapo hakuna aliyewahi kunigusa.

Nilijiunga na lile kundi kwa sababu nilitaka kwenda mbali. Kaskazini ya mji, ukishamaliza mitaa yenye kuta, kuna barabara ndefu za majani makavu na vilima, na huko huendi peke yako. Wao walikuwa wakikutana Observatory kila Jumapili. Kiongozi wao alikuwa mzee mmoja mstaafu, mtu wa tabasamu, ndiye aliyechora ile ramani. Alikuwepo pia daktari, mwanamke wa rika langu, ambaye alipenda kwenda sambamba na mimi kwenye miinuko kwa sababu sote wawili tulikuwa wa mwisho.

Siku ya kwanza yule mzee aliniuliza, "Umekuja na gari?"

"Na hii hii baiskeli."

"Kutoka wapi?"

"Berea."

Wakatazamana. "Eish," akasema mmoja, "wewe ni jasiri sana."

Nikawaambia si ujasiri, ni nyumbani. Wakacheka kidogo, nami nikacheka nao.

Niliibiwa kwenye njia ya kijani. Tulikuwa tumemaliza safari, kila mtu ameshika njia yake, nami nikawa nateremka mtaa mmoja wa kaskazini wenye miti iliyokutana juu kama paa, kuta ndefu, nyaya za umeme juu ya kuta. Gari safi likaja ubavuni polepole. Nikadhani linaniheshimu. Likanisukuma. Niliangukia mkono wa kulia na nikausikia mfupa. Wakashuka vijana wawili wenye viatu vizuri, wakaiinua baiskeli yangu na kuiingiza nyuma ya gari, na mmoja wao akaniambia, "Samahani, mama." Samahani! Afadhali angenitukana.

Nikaenda kwenye geti la karibu, nikabonyeza kengele kwa mkono wa kushoto. Sauti ikatoka ukutani.

"Unamtafuta nani?"

"Nimeibiwa hapa hapa mbele ya geti lenu. Nimevunjika mkono."

"Piga simu polisi."

Ikakatika. Nikabonyeza geti la pili, la tatu. Mbwa tu. Nikatembea. Nilitembea nimeushika mkono kama mtoto mchanga, nikapanda Observatory, nikashukia Yeoville, na huko, kwenye wekundu, mwenye duka la vitenge aliponiona aliacha duka lake wazi, akaniweka kwenye gari lake hadi hospitali, akakaa na mimi mpaka nikaitwa. Njiani hakuniuliza kitu zaidi ya "Bakakufanya nini, mama?" Kituo cha polisi, kesho yake, swali la kwanza lilikuwa kuhusu karatasi zangu za ukaazi. La pili, nilikuwa natafuta nini mtaa ule.

Msusi bila mkono wa kulia ni mtu wa kukaa tu. Jirani yangu, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, ndiye aliyenifunga mtandio kila asubuhi na kunikatia nyama kwenye sahani. Ananiita yaya. Kwetu yaya ni mlea watoto, kwao ni dada mkubwa, na tulishagombana na kucheka juu ya neno hilo siku nyingi. Alikuwa ananimenyea chungwa ujumbe wa kundi ulipoingia. Nilimsomea kwa sauti.

"Kutokana na yaliyompata dada yetu, tumebadilisha ramani kwa usalama wa wote."

Wekundu ulikuwa umepanda. Sasa ulifika hadi Observatory, umemeza mlima wote. Mahali pa kukutania pamehamishiwa maegesho ya magari mbali huko kaskazini, pasipofikika ila uwe na gari la kubebea baiskeli. Na ule mtaa wa miti, mtaa nilioangushwa? Nikautafuta. Kijani. Kijani kibichi, hata doa la njano hakuna. Chini yake mtu ameandika, "Bila shaka walimfuata kutoka Berea." Wengine wakaweka alama ya mikono ya kuomba dua.

Jirani yangu akaacha kumenya. "Yaya, bale batu beko naogopa nini?"

Wale watu wanaogopa nini: nikamwambia Jumapili twende tukawaulize wenyewe.

Jumapili iliyofuata tulipanda teksi moja kisha ya pili, yeye na mimi, mkono wangu kwenye plasta, tukaenda kwenye mgahawa ambapo huwa wanakunywa kahawa baada ya safari. Walikuwa wamekaa nje na kofia zao ngumu mezani. Wakasimama wote, wakanivutia kiti. Sikukaa.

Nikamwambia yule mzee, "Niliibiwa wapi?"

"Tumesikitika mno, dada. Kaa kwanza."

"Niambie, niliibiwa wapi?"

Akautaja mtaa.

"Kwenye ramani yako una rangi gani?"

Akavuta pumzi. "Lazima uelewe. Lile ni tukio moja. Wale watu hawatoki mtaa ule. Wanatoka kule chini."

"Mimi natoka kule chini."

"Sikusema wewe."

"Umesema. Umenichora."

"Tunakuhofia tu. Wewe ndiye tunayetaka kukulinda."

"Unanilinda kwa kunifungia nje? Kule unakokupaka nyekundu ndiko nilikobebwa hospitali. Huku kwenye kijani nilibonyeza mageti na hakuna aliyetoa hata maji!"

Sauti yangu ilikuwa imepanda, najua. Watu wa meza nyingine waligeuka. Mhudumu akasogea na kuuliza kama kuna tatizo, na macho yake hayakumtazama yule mzee, yalitutazama sisi wawili. Nikamgeukia yule daktari, mwenzangu wa miinuko, tuliyepumua naye pamoja Jumapili ngapi. Alikuwa anatazama kikombe chake.

"Una hasira sasa hivi," mzee akasema kwa upole ule ule. "Tutazungumza ukitulia."

Jirani yangu akasema kwa Kiswahili chake, taratibu, "Tuende, yaya. Awa batu habana masikio." Tukaondoka. Ndani ya teksi nililia kwa ghadhabu, na abiria aliyekaa mbele akanipitishia tishu bila kugeuka.

Baiskeli haikupatikana. Mfupa uliunga vibaya. Mpaka leo nikisuka vichwa viwili mfululizo kifundo kinawaka, na kila kinapowaka nawakumbuka, na sikumbuki wale vijana wenye viatu vizuri. Nawakumbuka wale waliokaa mgahawani.

Kaka wa jirani yangu alikuwa na baiskeli kuukuu, nzito kama kitanda, akatupatia. Jirani akajifunza kwa kuanguka, anacheka na kutukana kwa Kifaransa. Tukawa tunapokezana, mmoja anaendesha na mwingine anakimbia pembeni, hadi tukapata ya pili. Njia yetu ni ile ile ya zamani. Siku moja pale juu Observatory tulipishana na yule mzee akiwa ndani ya gari lake, baiskeli imefungwa nyuma. Akapiga honi, akatupungia. Sikuinua mkono.

Mwaka huu wale wa kundi wameniandikia tena. Wangependa, wamesema, kuuona mji wa ndani, michoro ya ukutani, maisha yenyewe; je, naweza kuwaongoza? Watakodi gari la walinzi litufuate nyuma. Nilisoma ujumbe ule saluni na nikakichomeka vibaya kitana kwenye kichwa cha mteja hadi akapiga kelele. Nikawajibu: njooni, bila gari. Tutakutana mlangoni kwangu.

Alikuja yule daktari peke yake. Alikuwa amebana breki tangu mbali, vidole vimekuwa vyeupe. Sikumkaribisha ndani. Nilitangulia, jirani yangu akawa nyuma, yeye katikati, tukateremka Hillbrow, tukapita kati ya wauza nyanya na watu wanaotoka kanisani na nguo zao nyeupe, hadi Doornfontein. Sikumwonyesha mchoro wowote. Roboti, ndizo taa za barabarani huku, ilipotuzuia, akaja ubavuni.

"Siku ile mgahawani," akasema, "nilipaswa kusema kitu."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ulipaswa."

Akangoja. Najua alichokuwa anangojea, kile kineno cha kumtua mzigo ambacho sisi wanawake tumezoea kukigawa bure. Sikumpa. Roboti ikaruhusu, tukakanyaga. Kwenye mlima wa Observatory alibaki nyuma, nami sikupunguza mwendo kama zamani. Jirani yangu ndiye aliyemsubiri.

Juu, akiwa bado anahema, akaniuliza kama anaweza kuja tena.

"Barabara si yangu," nikamjibu.

Huja mara mojamoja. Hatuzungumzi sana.