Vibuyu Vinne vya Samli kwa Wifi

MUNGAA – Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Magdalena Mughwai amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, anasukasuka kibuyu kwa mkono wa kulia. Ndani hamna maziwa. Ni maji matupu, nusu kibuyu, na hata hayo yanamshinda.

Hatua thelathini mbele yake, wifi yake Dorika anasukasuka kibuyu cha kweli, chenye maziwa ya ng'ombe wa kijiji ya kutengenezea samli.

"Mwangalie anavyojitikisa," anasema Magdalena. "Kile kibuyu ni changu! Miaka kumi na tisa nimekitunza, leo anakishika yeye. Naona wivu, ndiyo, andika. Naona wivu mpaka chakula hakipiti."

Mwaka jana, 1974, mara baada ya mavuno, wote wawili walipata kiharusi, wakipishana siku tisa. Mishipa ya damu kichwani iliziba, upande wa kulia ukapooza. Wakalazwa vitanda jirani.

Huku mgonjwa anayeheshimiwa huletewa samli. Magdalena, mtengeneza samli wa kijiji, aliletewa vibuyu saba. Akaila yote kwenye uji, wageni wasivunjike moyo. Dorika, ambaye mdomo wake watu wanaujua, hakuletewa kitu. Alikula ugali wa uwele na mlenda.

"Nilijifunika shuka nikalia," anakumbuka Dorika. "Jamani, nilimwonea wivu! Hata kijiko hakunipa."

Kabla hawajaruhusiwa, damu yao ilipelekwa Dar es Salaam. Majibu yalirudi baada ya wiki tano: mafuta ya damu ya Magdalena 312, ya Dorika 196. Daktari alisema hesabu hiyo haitabiri nani atapona kwanza, ila mafuta mengi yanaweza kuleta kiharusi cha pili. Samli basi. Mkono utarudi kwa mazoezi.

Dorika alianza mazoezi siku hiyohiyo. Magdalena alingoja samli imrudishie nguvu, miezi minne mizima.

Mwezi Machi mkutano wa kijiji ukampa Dorika kibuyu na kazi ya samli. Magdalena akiweza kazi kabla ya mvua za Novemba, atarudishiwa. Asipoweza, ndiyo basi.

Samli bado analetewa. Siku hizi haili. Anaituma kwa wifi yake.

"Vibuyu vinne mpaka sasa. Watu wanasema nina moyo mzuri. Moyo mzuri wapi! Nataka na yeye hesabu yake ipande." Anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha anaacha. "Usiku namwomba Mungu anisamehe. Asubuhi nikimwona na kibuyu changu, natuma tena."

Nyumbani kwa Dorika, vibuyu vyote vinne vipo chini ya kitanda. Hakuna kilichofunguliwa.

"Tangu aolewe na kaka yangu hajanipa hata chumvi," anasema. "Leo samli? Thubutu!"

Mbona basi hajamrudishia?

"Nikimrudishia ataona aibu, atajifungia ndani. Mazoezi atafanya saa ngapi? Yale maji anayatikisa kwa hasira ya kuniona mimi. Juzi amefika mara mia mbili, nilimhesabia."

Anatoka nje na kibuyu, anaketi pale pale anapoonekana, anakisukasuka kwa nguvu kuliko kazi inavyotaka. Ng'ambo, Magdalena anaanza upya.

"Novemba aje akichukue," anasema Dorika. "Mimi mikono inaniuma."