Pimbi wa Jiwe la Bibi

Juzi nililala Mkomaindo, na asubuhi nikafua nguo zangu mbili tatu. Kabla sijaanika, nikajikuta nimegeuka kutazama mlimani. Simu ilikuwa imeshaniambia kutakuwa na jua, lakini shingo nayo ina mazoea yake.

Nilipokuwa mtoto, nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na jiwe kubwa, na juu yake waliishi pimbi, vinyama vinono vya mawe, vivu kuliko mimi. Jua la asubuhi likitoka walijilaza ubavu kwa ubavu kama mikate. Baridi au mvua ikikaribia, waliingia nyufani. Bibi hakuanika korosho mpaka wao wajianike, na kazi ya kuwatazama ilikuwa yangu. "Wakikimbia kwa kelele, huyo ni tai," alinifundisha. "Wakiondoka kimya kimya, anua."

Ndiyo miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kutufuata na malori hadi uani, na sokoni mitumba ikamwagika. Pale nilikuwa nimeona viatu vyekundu vya kifungo, na bibi aliniahidi kwamba korosho zikishauzwa ataninunulia. Nililala navyo kichwani.

Siku moja kabla ya lori kuja, bibi akiwa shambani na korosho zikiwa zimeanikwa jamvini, pimbi waliinuka mmoja mmoja, kimya, wakaingia nyufani. Jua lilikuwa kali. Nikajiambia ni tai tu, ingawa sikusikia kelele yoyote, nikakimbilia sokoni kuhakikisha viatu vyangu havijauzwa. Mvua ilinikuta nimevishika.

Kesho yake mnunuzi alizitikisa korosho kiganjani, akasikiliza kama zimekauka, akazirudisha jamvini. Lori likaondoka, na mvua haikukatika juma zima. Nililia, nikingoja fimbo. Bibi aliwasha moto, akazichoma korosho, akazibangua na kunijazia kiganja.

"Haya, mke mwenzangu," alisema kwa ule utani wake, "kula viatu vyako."

Zilikuwa tamu, nakwambia. Tulicheka huku mimi bado nalia.

Bibi ametutoka, na nampenda mpaka leo. Jiwe limepasuliwa kokoto, pimbi sijui wamehamia wapi. Viatu vyekundu nimeshajinunulia, zaidi ya jozi moja. Lakini asubuhi ile Mkomaindo nilianika nguo zangu, nikakaa kando mpaka zikakauka, maana hapakuwa na wa kunitazamia mvua.