Mtoto Aliyekuwa Tayari kwa Piano

Juzi hapa mjini Wote, mama mmoja tunayekaa naye ploti moja alinikuta naanika nguo. Kanisani kwao wamenunua kinanda kipya cha umeme, na kijana anayekipiga ameanza kufundisha watoto kila Jumamosi. Mtoto wake ana miaka mitano. "Dada, wewe umetembea kila mahali," akaniambia. "Hebu niambie, huyu si bado ni mdogo? Ama nimpeleke tu?" Mimi huwa na jibu la kila kitu, hata la mambo nisiyoyajua. Siku hiyo nilisimama na shati lenye maji mkononi mpaka likanilowesha viatu.

Wacha nikueleze wewe, rafiki yangu, nilichoshindwa kumwambia.

Nililelewa Nuu, kijijini Ukambani, kwa nyanya, mimi na mdogo wangu wa kike. Mama yetu alikuwa Mombasa akifanya kazi katika nyumba za watu, na tulimwona Krismasi, akija na mikate na nguo zenye harufu ya sabuni. Siku nyingine zote tulikuwa wa nyanya. Tulimwita Susu, kama Wakamba wote wanavyomwita nyanya. Asubuhi yetu ilianza na mlio wa kinu, Susu akitwanga mahindi kuyatoa maganda, apike muthokoi, pumba zikiruka na kuku wakigombana miguuni pake. Sisi tulichukua punda na mitungi tukaenda kwenye mto ambao ulikuwa mchanga mtupu. Unafukua mchanga kwa mikono, unangoja maji yajikusanye chini, unayachota kwa kikombe polepole yasichafuke. Jioni tulikula muthokoi na ndengu, tukanywa chai ya maziwa ya mbuzi iliyoshika moshi. Mpaka leo nikinywa chai isiyo na moshi naona kama kuna kitu kimesahauliwa.

Mdogo wangu aliimba na kila kitu. Aliimba na kinu, aliimba na mlango uliokwaruza. Jirani yetu, mama mwenye sauti ya kuita mbuzi wa kijiji kizima, alikuwa akimwambia, "Wewe, nyamaza kidogo hata masikio yetu yapumzike." Alinyamaza, halafu akaanza kuimba ile sauti ya jirani ya kumnyamazisha.

Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu mgeni, mama kutoka mbali, ambaye Kikamba chake kiliishia kwenye salamu. Jumapili alipiga kinanda kanisani, kidogo tu, cha betri. Siku moja baada ya ibada alimkuta mdogo wangu amesimama kando yake. Akabonyeza sauti moja, mtoto akaiimba. Akamgeuza akautazama ukuta, akabonyeza nyingine, mtoto akaiimba. Akabonyeza mbili kwa pamoja. "Hizo ni mbili," mtoto akasema, kama mtu aliyejaribiwa kudanganywa. Mimi wakati huo nilitaka kujua sauti zinakaa wapi, nikawa nimeanza kukipindua kinanda. Mwalimu akacheka. "Mungu wangu! Mmoja anasikiliza, mwingine anatafuta bisibisi!"

Mwisho wa mwaka huo mwalimu alikuja nyumbani. Alikuwa anahama kwenda Kiboko, ambako mume wake alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Nyumba yao huko ilikuwa na piano, ile ya mbao yenyewe. Alitaka kuondoka na mdogo wangu, amsomeshe pamoja na watoto wake na kumfundisha piano. Mtoto angerudi kwetu kila likizo. Simu tuliyompigia mama Mombasa ilijibiwa kwa neno moja tu: Susu ndiye aamue. Mtoto mwenyewe alikuwa hajatimiza miaka sita.

Susu alijua Kiswahili cha sokoni peke yake, bei na "punguza kidogo". Kwa hiyo niliketi katikati yao nikitafsiri, huku muthokoi ikichemka.

"Muulize, kwani piano inaanzwa ukiwa mkubwa kiasi gani?" Susu aliniambia.

"Haina umri, Susu," mwalimu akajibu. "Mtoto akiweza kukaa chini, akasikiliza, akikosea akarudia bila kununa, yuko tayari. Huyu yuko tayari. Akichelewa, vidole vinazoea jembe."

"Hayo ni ya vidole. Mimi nauliza ya tumbo. Tumbo likimuuma usiku, ataita nani?"

Mwalimu akajibu, "Ataniita mimi."

Nilipotafsiri hilo, Susu aliinuka akaenda kutazama chungu ambacho hakikuhitaji kutazamwa. Aliporudi alisema atampima kwanza, kwa namna yake.

Na alimpima kweli. Alimfanya afue nguo yake mwenyewe na kuianika. Alimpa chakula kisicho na chumvi aone kama atalalamika. Alimtuma kwa jirani na ujumbe mrefu, halafu akamuuliza jirani kama ulifika mzima. Jirani akacheka: "Susu, unampeleka kupiga piano au kuolewa?" Mtihani wa mwisho ulikuwa kulala nje ya nyumba. Mdogo wangu alipelekwa kwa huyo jirani na shuka lake, na sisi wawili tukabaki na kitanda kipana ghafla.

Asubuhi jirani alikuja naye akijisifu kama ndiye aliyefanya mtihani. "Amelala kama jiwe! Ugali amekula wote, amenawa, ameniombea na sala."

"Hakulia?" Susu akauliza.

"Hata kidogo."

"Hakuniulizia?"

"Wala! Huyu amekomaa, Susu. Mwache aende."

Susu alimtazama yule mtoto muda mrefu. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kusoma uso ule kuliko vitabu vya shule, na niliona kwamba jibu alilolitaka silo alilolipata. Angelia usiku ule, angebaki. Kumbe sote tulikuwa tumemwambia asilie, na alikuwa mtoto mtiifu. "Basi yuko tayari," Susu akasema, na kijiji kizima kikampongeza.

Aliondoka Januari kwa pikapu ya mume wa mwalimu, amevaa sweta jua likiwaka, vidole vyake tayari vinatembea juu ya dashibodi.

Likizo ya kwanza alirudi amenenepa, magoti yamepakwa mafuta, na alituchezea nyimbo kwa vidole juu ya meza akiimba mwenyewe zile sauti. Susu alikaa mbele ya meza hiyo kama yuko kanisani. Likizo iliyofuata, ukimsemesha Kikamba, alikujibu kwa Kiswahili. Nyumba za kule kituoni zilikaliwa na watu wa kila kabila, na watoto walicheza kwa Kiswahili na Kiingereza. Hakuna aliyemkataza lugha yetu. Ilimtoka tu, kama meno ya utotoni. Desemba moja Susu alianza kutupa hadithi ya fisi karibu na moto, ile aliyoipenda mdogo wangu zamani mpaka akaidai irudiwe. Alipofika katikati, mdogo wangu akanigusa bega, akaninong'oneza: "Anasema nini?"

Nilimtafsiria. Susu alikuwa akisema sentensi moja na kungoja, mimi naigeuza, naye anaendelea. Fisi wa kutafsiriwa hachekeshi. Kabla ya mwisho Susu alisema amechoka, ataimalizia kesho, na kesho yake hakuna aliyeiulizia.

Miaka michache baadaye niliacha shule. Nilikuwa darasa la saba, na barabara ilinivuta kuliko ubao. Nimechuma maembe, nimeuza mitumba, nimepikia madereva wa malori, nimelala Mwingi, Makindu na miji mingine mingi, na kote nimeuliza watu maswali mpaka wakachoka nami. Nilipokuwa mbali, Susu na mdogo wangu walipokutana waliketi bila mtu wa kutafsiri katikati. Jirani aliniambia walikuwa wakiwasha redio, wakishikana mikono, hivyo tu. Halafu mdogo wangu akapata shule Nairobi, mazoezi yakawa mengi, likizo zikajaa.

Leo anafundisha piano. Anaijua vizuri, sitakudanganya. Nimewahi kukaa nyuma ya ukumbi nikamsikiliza nikasahau kwamba nilikuja na njaa. Mwalimu hakukosea kuhusu vidole.

Susu alikufa mwaka jana, wakati ndengu zilikuwa zinaanikwa. Mdogo wangu alikuja kutoka Nairobi amevaa nyeusi. Akina mama wazee walimzunguka wakimwambia maneno matamu ya Kikamba, jinsi Susu alivyomtaja kila siku, jinsi alivyoifuta vumbi ile meza kila likizo. Yeye alitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Nilimtafsiria nilichoweza, lakini waliongea wote kwa pamoja, na mengine yalipita.

Watu walipopungua tuliketi sisi wawili kwenye kizingiti cha jikoni. Akaniambia kwamba ile asubuhi ya kwenda Kiboko, kabla hajapanda gari, Susu alimshika kichwa kwa mikono miwili akamwambia kitu kirefu sikioni. "Alisema nini, dada?"

Asubuhi ile mimi sikusikia. Nilikuwa nyuma ya pikapu nafunga gunia la ndengu tulizompa mwalimu.

"Maneno yamenitoka," akasema. "Lakini sauti yake ninayo." Akafumba macho akaivumisha, mdomo umefungwa: ilivyopanda, ilivyokatika kidogo katikati, ilivyoshuka taratibu mwishoni. Alikuwa Susu mtupu. Niligeuka kana kwamba ameingia jikoni na kuni.

Nilimwomba arudie. Nikajaribu kuweka maneno ndani yake: nenda salama, usisahau kusali, ukiumwa sema. Kila nililojaribu lilikuwa fupi mno au refu mno, na mdogo wangu alitikisa kichwa, akaanza tena kutoka mwanzo, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto.